Sapu Tatu na Hesabu ya Julai

Alikuja ofisini wiki ya saba ya semista ya pili, saa kumi na nusu jioni, nikiwa nafunga droo. "Shikamoo, madam." Nikaitikia, nikamwonyesha kiti. Akakaa ukingoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Yalikuwa matokeo yake ya semista ya kwanza, yaliyotoka kwenye mfumo wiki tatu kabla. Tangu yatoke hakuwa ameingia pindi hata moja. Wiki ya kwanza alilala. Mbili zilizofuata alijifungia maktaba toka asubuhi mpaka taa zinazimwa, akisoma kalkulasi ya semista iliyokwisha, kwa sababu ana sapu, mtihani wa kurudia somo ulilofeli, na sapu inasomewa.

Wengi wakisikia habari yake huuliza alifelije. Mimi kilichonishtua ni zile wiki mbili za maktaba. Bidii ile ndiyo iliyokuwa ikimsukuma kwenye disko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli.

Niseme mapema kwamba binti ninayemsimulia nimemkusanya kutoka kwa wanafunzi zaidi ya mmoja niliowashauri, nikabadilisha vya kumtambulisha, na chuo sikitaji. Kanuni za alama ni za chuoni kwake. Zinafanana na za vyuo vingine vya Tanzania lakini hazilingani mstari kwa mstari, kwa hiyo mwenye sapu yake mkononi afungue kwanza kitabu cha kanuni cha chuo chake kabla ya kupiga hesabu zangu.

Alitoka Iramba, Singida. Mama yake anauza mafuta ya alizeti kando ya barabara, na mjomba mmoja mjini ndiye msomi wa ukoo. Kidato cha tano na cha sita alisoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, shule ya bweni ya wasichana, akiutaka udaktari. Matokeo yalipotoka, Kemia ikamwangusha chini ya kiwango cha udaktari, mjomba akasema kompyuta ndiyo yenye ajira, wakajaza kompyuta. Kozi ilimpokea kwa sababu alikuwa na pasi ya BAM.

Kwa asiyezijua hizo kombi, BAM ni hisabati nyepesi wanayosoma wa PCB, CBG, HGE na wenzao wasiochukua Advance, hisabati kamili ya kidato cha tano na cha sita. Ina difrensiesheni na intigresheni kidogo, metriksi, takwimu, programu ya mstari, na mtihani wake ni karatasi moja. Advance ina karatasi mbili, na ndani yake mna namba changamano, vekta, milinganyo ya difrensieli na intigresheni za kila ujanja. Watu hawa wawili wanakutana Novemba kwenye ukumbi mmoja, wanapewa kalkulasi moja, na mwalimu anaanza na limiti kwa epsiloni na delta.

Binti alinieleza pindi la kwanza kwa namna ambayo sijaisahau. Mwalimu aliandika ubaoni, akageuka akauliza, "Hii si mlishafanya?" Safu za mbele, waliotoka PCM na EGM, kombi zenye Advance, wakatikisa vichwa kukubali. Mwalimu akafuta. Naye akatikisa kichwa pamoja nao, kwa aibu, na akaendelea kutikisa kichwa kwa wiki kumi na tano.

Sasa karatasi yenyewe. Chuoni kwake kufaulu ni alama 40. Kosiweki, yaani testi, kwizi na asaimenti, ina 40 na UE, mtihani wa mwisho wa semista, una 60. A ina pointi 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1, E sifuri. Semista ina krediti 60. Matokeo yalikuwa hivi:

Kalkulasi, krediti 12: alama 31, E.
Utangulizi wa programu, krediti 12: alama 37, D.
Hisabati diskriti, krediti 12: alama 36, D.
Misingi ya kompyuta, krediti 8: alama 54, B.
Stadi za mawasiliano, krediti 8: alama 63, B+.
Stadi za maendeleo, krediti 8: alama 57, B.

Zidisha krediti kwa pointi, jumlisha, unapata 104. Gawa kwa 60, ni 1.73, na mfumo hukata desimali za mbele, kwa hiyo iliandikwa GPA, wastani wa pointi, 1.7.

Siku ileile kundi la WhatsApp la darasa lilimhukumu bila kumtaja. Mmoja aliandika kwamba sapu tatu semista ya kwanza ni disko moja kwa moja. Mwingine akasema hapana, ni GPA ikiwa chini ya 1.8. Wa tatu akaleta habari ya kaka yake. Binti akaangalia 1.7 yake, akaamini wote watatu. Uvumi wa vyuoni huwa na tabia hii: unabeba namba ya kweli na kuitundika mahali pasipo pake. Namba 1.8 ilikuwa kweli. Ila chuoni kwake ilikuwa ya mwaka mzima, inapimwa Julai baada ya semista ya pili, kwa krediti zote 120. Matokeo ya Aprili hayakuwa na uwezo wa kumfukuza mtu.

Nikatoa karatasi nikamwambia tuhesabu. Ili mwaka uishe kwa 1.8 anahitaji pointi 216 kwa krediti 120. Anazo 104. Zimebaki 112, na atazitafuta kwenye krediti 60 za semista hii. 112 kwa 60 ni 1.87. Yaani akipata C kila somo, C tupu, haguswi na disko, na zile sapu tatu atazifanya Septemba kama watu wengine.

Alinyamaza, kisha akasema, "Madam, kumbe ni C?"

Ndiyo, ni C. Lakini kwa wiki tatu alikuwa hajaingia darasani, na testi ya kwanza ilikuwa imebakiza siku tisa. Hapo nikamweleza kosa lake, nadhani kwa ukali kidogo kuliko ilivyostahili. Sapu ni ya Septemba. Kinachoamua kama utafika Septemba ni Julai. Alikuwa anapigania mtihani wa miezi mitano ijayo huku ule unaoamua kama atabaki chuoni akiuacha uharibike, kila wiki pindi kumi, kila wiki kwizi moja yenye alama mbili au tatu zinazopotea moja kwa moja. Laiti angeendelea vile mpaka Juni, angeijua kalkulasi vizuri sana na asipewe nafasi ya kuifanya.

Nimeona jambo hili mara nyingi. Mwanafunzi aliyefeli anageuka nyuma kwa sababu nyuma ndiko kunakouma, na wanaomzunguka wanamsifu kwamba amejirekebisha, siku hizi haonekani, yuko maktaba.

Baada ya hapo ndipo tukarudi kwenye swali la alifelije. Tulichukua somo moja moja, maana kufeli kwake kulikuwa kwa aina tatu na dawa zake hazifanani.

Kalkulasi ilikuwa tatizo la msingi. Kosiweki yake ilikuwa 17: testi ya kwanza 5 kwa 15, ya pili 6 kwa 15, asaimenti na kwizi 6 kwa 10. UE akapata 14 kwa 60. Hakuna ajali hapo. Kila kipimo kinasema jambo lilelile. Na kipimo cha kwanza kilikuwepo tangu wiki ya sita. Hapa na sisi walimu tuna fungu letu la lawama. Karatasi za testi ya kwanza zilirudi mikononi mwa wanafunzi wiki ya kumi na mbili, wakati testi ya pili imeshafanyika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kufeli hesabu maishani, akakaa wiki sita bila kujua amepata 5 kwa 15, atajipa matumaini. Yeye alijipa 10.

Hisabati diskriti alipata 36. Hapo alikosa alama nne tu, na alipoieleza ile karatasi nilielewa kwa nini. Maswali yalitaka uthibitisho, naye alikuwa amekariri. Bweni lilimfundisha kukomaa na past pepa: maswali ya miaka kumi, majibu yake, kengele ya prepu inalia, mnasoma mpaka saa nne usiku. Mbinu hiyo ilimpa alama za Biolojia za kutosha. Kwa diskriti swali linabadilishwa neno moja na jibu lote linaanguka. Alikuwa na madesa, yaani notsi za kurithiana, ya mwaka uliopita yenye majibu ya maswali ya mwaka uliopita.

Programu ndiyo iliyonipa kazi ya kufikiri. Kosiweki 22 kwa 40, si mbaya hata kidogo, kisha UE 15 kwa 60. Pengo la namna hiyo huwa lina mtu nyuma yake. Nikauliza asaimenti walifanyaje. Ilikuwa ya kundi la watu sita. Walipata 9 kwa 10. Nani alichapa? Kijana mmoja, mwenye laptopu. Wengine walikaa pembeni wakileta chipsi. Binti huyu katika semista nzima ya kujifunza lugha ya C alikuwa ameandika programu kwa kalamu, kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri sana, na hakuwahi kuona kompyuta ikimkatalia msitari wake kwa sababu ya nukta-mkato iliyosahaulika. Zile 9 ndizo zilizomficha. Kama kundi lingepata 3, labda angestuka mapema.

Laptopu hakuwa nayo kwa sababu ya hesabu nyingine. Ni mnufaika wa Bodi ya Mikopo. Bumu, fedha ya kujikimu, tangu 2022 ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya zamani, linaingia kwa mafungu. Fungu la siku 60 ni 600,000, na kwa mtoto wa Iramba ambaye hajawahi kushika hata laki moja yake mwenyewe, ni fedha ya kununulia laptopu iliyotumika. Lakini Januari mdogo wake aliingia kidato cha kwanza: sare, godoro, ndoo, jembe, reki, rimu ya karatasi. Ada ya shule za serikali iliondolewa, ila orodha ya vifaa haikuondoka. Dada mtu akatuma 250,000 nyumbani, na hakuna aliyemwomba. Sikuwa na neno la kumwambia juu ya hilo, na sioni kama lilikuwa kosa. Nalitaja kwa sababu mtu anayetazama D ile ya programu na kusema "hakusoma" hajaona godoro liko wapi kwenye hesabu.

Kuna jambo moja zaidi lililohusu masomo yote, nalo ni muda. Krediti moja ni saa kumi za kazi. Krediti 60 ni saa 600, na ukizigawa kwa wiki 15 ni saa 40 kwa wiki. Ratiba yake ilikuwa na saa 20 za darasani. Zile 20 nyingine hazina kengele, hazina matroni anayepita na tochi, hazimo hata kwenye karatasi ya ratiba iliyobandikwa ukutani. Alipoiona ratiba ile Novemba alimpigia rafiki yake simu akicheka kwamba chuo ni raha, Ijumaa hakuna kitu.

Njia alizokuwa amezifikiria kabla ya kuja kwangu zilikuwa nne, na tatu tulizimaliza haraka. Kuhama kozi: dirisha lilikuwa la mwanzo wa mwaka, limefungwa. Kukata rufaa karatasi zisahihishwe upya: kwa alama 36 na 37 si wazo la kipuuzi, lakini alikiri mwenyewe kwamba hakuna swali aliloamini ameonewa, na ada ya rufaa inalipwa kwa kila somo. Kuacha chuo na kuomba upya dirisha lijalo kana kwamba mwaka huu haukuwepo ndiyo njia ambayo rafiki zake waliisifu, na ndiyo niliyoipinga zaidi. Deni la Bodi halifutwi na kuacha. Kilicholipwa kimelipwa, na siku ukiajiriwa kinakatwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, uwe na shahada au usiwe nayo.

Ya nne ilikuwa kuahirisha mwaka. Hiyo sikuipuuza. Kuna wanafunzi ambao ndiyo inayowafaa, wagonjwa hasa, na alikuwa na dalili za kutolala zilizonitia wasiwasi kiasi cha kumuuliza waziwazi kama ameshawaza kujidhuru. Akasema hapana, akalia, akasema amewaza kutorudi nyumbani. Nikampeleka mwenyewe kwa mshauri nasaha, hatua chache tu kutoka ofisini. Alienda mara mbili. Kuahirisha kukabaki mezani, na kwa sababu ya ile 1.87 tukakuweka kando.

Nikamuuliza nyumbani nani anajua. Hakuna. Mama anaamini mambo mazuri. Kanisani walishamwombea "daktari wa kompyuta". Kumbe kila Jumapili jioni alikuwa anapokea simu, anasema masomo yanaenda, kisha usiku huo halali. Nikamwambia suala la nyumbani ni lake, silazimishi. Nikamkumbusha tu kwamba sapu inafanyika Septemba, chuo kimefungwa, bumu halipo, na kuna nauli ya Singida, ada ya mtihani kwa kila somo na chakula cha wiki tatu. Siri ile ilikuwa na gharama kwa shilingi, na mwenye kuweza kuanza kuweka akiba mapema ni mama.

Alipiga simu akiwa amekaa kwenye ngazi nje ya jengo letu. Baadaye alinisimulia.

"Mama, nimepata sapu tatu."

"Sapu ndiyo nini?"

"Ni masomo nimefeli, mama. Narudia mtihani mwezi wa tisa."

Kimya. Kisha: "Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa."

"Mwezi wa tisa nauli itakuwa shilingi ngapi?"

Hapo ndipo alipolala usiku mzima kwa mara ya kwanza. Mjomba alikuwa mgumu zaidi. Alipiga siku iliyofuata akasema maneno mengi kuhusu watoto wa siku hizi na simu. Mama akamwambia mjomba amnunulie mtoto kompyuta kama anaona kompyuta ndiyo dunia. Hakununua.

Sasa mpango. Niliutaka uwe mdogo, kwa sababu mtu aliyefeli hupenda kuapa mambo makubwa, ratiba ya kuamka saa tisa usiku, rangi nne za kalamu. Swali letu kwa kila sapu lilikuwa moja: je, semista ya pili inalitegemea somo hili?

Diskriti haitegemewi na chochote cha semista ya pili. Ikafungwa kwenye begi mpaka Agosti, asiiguse. Hili lilimuuma kuliko yote. Aliona kama uzembe.

Programu inategemewa moja kwa moja. Semista ya pili ina somo la miundo ya data, krediti 12, na asiyeweza kuandika kitanzi na safu hawezi kuandika orodha iliyounganishwa. Hiyo ikabidi itengenezwe sasa hivi, kwa ajili ya Julai kwanza, na Septemba ipate faida njiani. Maabara ya kompyuta hufunguliwa saa moja asubuhi na mpaka saa mbili huwa tupu. Akapewa saa hiyo moja, siku tano kwa wiki: achukue programu zilezile za daftarini, azichape mwenyewe, aache kompyuta imkatalie. Wiki ya kwanza alipata makosa 41 kwenye programu ya mistari 30 na akaniletea orodha yake kana kwamba ni ushahidi wa mahakamani. Nilifurahi sana, sikuonyesha.

Kalkulasi ilikuwa katikati. Somo la uwezekano na takwimu lilihitaji intigresheni. Epsiloni na delta hazikuhitajika. Kwa hiyo tukakata kipande: intigresheni peke yake, Jumamosi saa mbili mpaka saa nne, na isisomwe kwenye madesa ya chuo. Aliazima daftari la kidato cha sita la mwenzake aliyetoka EGM. Hapo palikuwa na aibu ya kuvuka, mwanafunzi wa chuo kusoma daftari la sekondari, lakini ndiko shimo lilikokuwa. Mwenye daftari akawa anakaa naye. Akagundua kwamba na yeye nusu ya yale aliyokuwa akiyatikisia kichwa hakuyaelewa.

Mengine yote ni madarasa ya semista ya pili. Aingie. Akae mbele. Asaimenti ya kundi akubali tu kundi ambalo na yeye anachapa.

Testi ya kwanza, siku tisa baada ya siku ile, alifanya vibaya karibu kila somo. Sitaki kulificha hilo. Wiki tatu za kutoingia zilikuwa zimeshakula kitu ambacho siku tisa hazirudishi, na kosiweki haina sapu. Alama iliyopotea mwezi wa Aprili hairudi. Alinijia akasema mpango haufanyi kazi. Nikamwuliza amepata jumla ngapi, tukaiweka kwenye karatasi, tukaona kila somo linahitaji ngapi kwenye kilichobaki kufikia 40. Miundo ya data: 29 kati ya 75 zilizobaki. Takwimu: 31 kati ya 80. Namba za namna hiyo zinashikika. Watu walikuwa wamemwambia kwa miezi miwili kwamba kufeli siyo mwisho wa maisha, na hakuna hata mmoja aliyemwambia 29 kati ya 75.

Julai matokeo yakatoka. Miundo ya data C. Takwimu C. Aljebra mstari B, jambo lililotushangaza wote wawili. Kumbe metriksi za BAM alizishika. Somo moja la krediti 8 B, lingine B+, na la tatu, usanifu wa tarakilishi, D, sapu mpya ambayo hatukuitarajia kabisa kwa sababu hatukuiwekea macho. Pointi 148 kwa krediti 60, ni 2.46. Mwaka mzima 252 kwa 120, ni 2.1. Disko likapita mbali.

Agosti aliisomea nyumbani diskriti na usanifu, asubuhi kabla ya kumsaidia mama kwenye mafuta, na mara mbili kwa wiki alipanda gari kwenda mjini kukodi kompyuta kwenye duka la intaneti kwa ajili ya programu. Sapu chuoni kwake inasimama peke yake: kosiweki haihesabiwi, na kufaulu ni C hata ukipata 80. Septemba akafanya karatasi nne. Programu alipata 58, na ikaandikwa C. Diskriti akavuka. Usanifu ukavuka. Kalkulasi akapata 38.

Alama mbili. Akaenda mwaka wa pili na kalkulasi mgongoni, kitu ambacho wanafunzi wanakiita kukeri, yaani kubeba somo, na neno hilo haliko mbali na kukera.

Najiuliza kama nilikosea kumwambia Jumamosi tu. Kalkulasi yote haikuwa intigresheni. Karatasi ya Septemba ilikuwa na maswali mawili ya limiti na mfululizo ambayo aliyaacha wazi, na Agosti peke yake isingeweza kubeba masomo manne. Pengine saa moja zaidi kwa wiki, ya limiti, kuanzia Juni baada ya testi za mwisho, ingezipata zile mbili. Au ingeipoteza C ya takwimu, iliyokuwa 41. Hesabu hiyo sijaweza kuifunga mpaka leo.

Novemba alirudi na swali: "Madam, Upper bado ipo?" Tukafungua karatasi tena. Kwa kozi ya miaka mitatu, krediti 360, daraja la pili la juu linaanza 3.5, yaani pointi 1,260. Baada ya sapu anazo 284, na kalkulasi ikifaulu zinakuwa 308. Zinazobaki kwenye krediti 240 ni 952, wastani wa 3.97. Ni B+ kila somo, kwa miaka miwili, bila kuteleza. La pili la chini, 2.7, linataka wastani wa 2.77, chini kidogo ya B. Hilo linafikika. Nilimwambia hivyohivyo. Akaandika 2.77 nyuma ya kitambulisho chake kwa kalamu ya risasi.

Kilichobaki kilikuwa ratiba. Pindi mbili za kalkulasi ya mwaka wa kwanza ni Jumanne saa nne na Alhamisi saa nane. Jumanne saa nne linagongana na hifadhidata, somo la mwaka wa pili la krediti 12. Hakuna anayepanga ratiba akiwafikiria wenye keri. Tukakubaliana hifadhidata aingie Jumanne, kalkulasi aingie Alhamisi, na pindi la kalkulasi la Jumanne atafute daftari la mtu.

Mtu alimpata Alhamisi ya kwanza. Binti wa CBG, mgeni, safu ya nyuma, BAM. Mwalimu aligeuka akauliza kama hii walishafanya, na yule mgeni akaanza kutikisa kichwa.